UZI: Sayansi ya Dunia na anga kwa wanafunzi wa sekondari, twende nayo kwa swali moja tu: TUMEJUAJE?

Wakuu habari zenu, na madogo wote mnaojiandaa na mitihani karibuni sana humu.

Nafungua huu uzi kwa sababu inaniuma kuona wanafunzi wanapewa hii mada kama orodha ya namba za kukariri, mzunguko wa Dunia huu hapa, umri wake huu, tabaka zake nne, nyota ya karibu iko mbali kiasi hiki, basi, mtihani ukipita zote zimeyeyuka. Hizo namba hazikushushwa kutoka juu. Nyuma ya kila moja kuna mtu alikaa akapima kitu, na njia aliyotumia mara nyingi unaielewa kabisa kwa hesabu za sekondari. Ukiishika njia, namba inakaa kichwani yenyewe, na hata ukiisahau unaweza kuitafuta upya. Kwa hiyo humu kila kitu tutakiuliza hivyo hivyo, tumejuaje? Mwenye swali aulize katikati ya uzi, nitakuwa najibu huku naendelea.

Naanza na ukubwa wa Dunia maana ndo rahisi kuliko zote.

Kama miaka 240 kabla ya Kristo kulikuwa na mtaalamu anaitwa Eratosthenes, alikuwa Alexandria kule Misri. Alijua kwamba katika mji wa Syene (leo unaitwa Aswan), siku ile ya mwaka ambayo Jua linapanda juu kabisa, saa sita mchana linakuwa utosini kabisa, mpaka linamulika chini ya kisima na vitu vilivyosimama wima havina kivuli. Alexandria siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo vivuli vipo. Akapima pembe ya kivuli akapata nyuzi 7.2 hivi. Sasa fikiria, miale ya Jua inatufikia ikiwa sambamba kwa sababu Jua liko mbali mno, kwa hiyo hiyo tofauti ya nyuzi 7.2 haitokani na Jua, inatokana na mgongo wa Dunia kupinda kati ya miji hiyo miwili. Duara zima lina nyuzi 360, gawanya kwa 7.2 unapata 50. Maana yake umbali kati ya Syene na Alexandria ni sehemu moja ya 50 ya mzunguko wote wa Dunia. Ni kama kilomita 800 hivi, zidisha kwa 50, unapata kilomita 40,000. Vipimo vya kisasa kwenye ikweta vinasema 40,075.

Yaani fimbo, kivuli na kugawanya. Ukitaka kuona pembe yenyewe ilivyo ndogo, simamisha fimbo ya mita moja, kwa nyuzi 7.2 kivuli chake kinakuwa kama sentimita 12 na nusu tu. Hizo sentimita 12 na nusu ndizo zilizotoa ukubwa wa Dunia nzima, mimi kila nikiiwaza hii kitu bado inanisisimua.

---

Mdau hapo chini ameandika: "mkuu mimi naomba misimu, mwalimu alisema joto linakuja Dunia ikisogea karibu na Jua, je ni kweli?"

Hapana ndugu, na hili kosa ni la watu wengi sana wakiwemo watu wazima. Liulize swali letu. Tumejuaje kwamba umbali sio sababu? Kwa sababu Dunia inakuwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Januari hiyo hiyo nchi za kaskazini ziko kwenye baridi kali na za kusini ziko kwenye joto. Ingekuwa umbali ndo unaamua, Dunia nzima ingepata joto pamoja na baridi pamoja. Haiwi hivyo, kwa hiyo hiyo hoja imekufa hapo hapo.

Sababu ni kwamba mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4 na unaendelea kuelekea upande ule ule angani mwaka mzima huku Dunia inalizunguka Jua. Miezi fulani nusu ya kaskazini inakuwa imeinamia Jua, miezi mingine nusu ya kusini. Nusu yenu ikiinamia Jua mnapata vitu viwili kwa mpigo, mchana unakuwa mrefu, na Jua linapanda juu zaidi. Hilo la pili ndo watu wanalipita haraka. Jua likiwa utosini, mwale wenye upana wa mita moja unaangukia mita moja ya ardhi. Likiwa chini, nyuzi 30 tu kutoka upeo wa macho, mwale ule ule unatandazwa kwenye mita mbili, kwa hiyo kila kipande cha ardhi kinapata nusu ya nguvu. Na ndo maana karibu na ikweta misimu ya joto na baridi haitofautiani sana, Jua halishuki mbali na utosi mwaka mzima.

Halafu ile michoro ya vitabuni inayoonyesha njia ya Dunia kama yai lililovutwa inapotosha, wanaivuta ili uone ni duaradufu, lakini ukiichora kwa vipimo halisi kwenye daftari huwezi kuitofautisha na duara kwa macho.

---

Sasa tuje kwenye mada ninayoipenda kuliko zote, ndani ya Dunia. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Kutoka hapa ulipo mpaka katikati ya Dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kwenda chini kuliko yote ambayo binadamu amewahi kuchimba kwa ajili ya sayansi liko Kola, Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Kilomita kumi na mbili tu kati ya elfu sita na ushee! Hata ukoko wenyewe, lile tabaka la juu kabisa, hawakuumaliza. Na bado kitabu kinakwambia kwa kujiamini kwamba chini kuna joho (wengine wanaliita mantili) mpaka kama kilomita 2,890, halafu kiini cha nje ambacho ni kimiminika, halafu kuanzia kama kilomita 5,150 kiini cha ndani ambacho ni kigumu. Nani alienda?

Hakuna aliyeenda. Dokezo la kwanza lilikuwa uzito. Mwaka 1798 Henry Cavendish alipima mvutano mdogo sana kati ya mipira ya madini ya risasi, kwa kuangalia jinsi fimbo iliyoning'inizwa kwenye waya inavyojipinda kidogo ikivutwa. Kutokana na hapo ikajulikana Dunia kwa wastani ina uzito kama mara 5.5 ya maji ya ujazo ule ule. Lakini mawe ya kawaida tunayoyaokota juu yana kama mara 2.7 mpaka 3 hivi. Kama juu ni 3 na wastani ni 5.5, basi chini lazima kuna kitu kizito mno. Chuma ndo kinafaa, ni kingi kwenye vimondo na ni kizito.

Dokezo la pili ni matetemeko, na hapa ndo utamu ulipo. Tetemeko likitokea linatuma mawimbi ya aina mbili kupitia ndani ya Dunia. Kuna wimbi P, linasukuma na kuvuta mawe kuelekea kule kule linakokwenda, hili lina kasi zaidi. Na kuna wimbi S, linatikisa mawe kwa pembeni, liko taratibu zaidi. Ukiangalia karatasi ya seismomita (chombo kinachochora mtikisiko wa ardhi) unaona mstari umetulia, ghafla unaanza kuchezacheza kidogo kidogo, hiyo ni P imefika, baada ya muda mstari unaruka kwa nguvu zaidi, hiyo ni S, halafu yanakuja mawimbi ya juu ya ardhi ambayo ndo yanabomoa majengo.

Sasa shika hili moja, P inapita kwenye kitu chochote, kigumu au kimiminika. S haipiti kwenye kimiminika. Sababu ni kwamba ukikisukuma kimiminika kwa pembeni hakikurudishi mahali pake, kinatiririka tu, kwa hiyo hakuna cha kulibeba lile wimbi.

Wakaanza kulinganisha karatasi za vituo vya dunia nzima. Ukipima pembe katikati ya Dunia, kati ya tetemeko lilipotokea na kituo kilipo, vituo vilivyo ndani ya nyuzi kama 104 vinapata P na S vizuri. Ukivuka hapo S inapotea, haifiki kabisa upande wa pili. Kuna kitu katikati kinaikata, na kitu kinachokata S ni kimiminika. Richard Oldham alionyesha mwaka 1906 kwamba Dunia ina kiini, baadaye Beno Gutenberg akapata kina chake, kama kilomita 2,900. P nayo inapinda ikiingia kwenye hicho kiini, kwa hiyo kunakuwa na eneo kati ya nyuzi 104 na 140 hivi ambako hata P haitakiwi kuonekana.

Haitakiwi. Lakini ilikuwa inaonekana, kidogo, dhaifu. Wengi walijaribu kulielezea kwa namna nyingine. Mwanamke mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, alizichambua rekodi za tetemeko kubwa la mwaka 1929 la New Zealand, akasema mwaka 1936 kwamba ndani ya kile kimiminika kuna kiini kingine na mawimbi yanakigonga na kugeuzwa. Ndo kiini cha ndani tunachokisoma leo. Alifika huko kwa kusoma mistari kwenye karatasi kwa uangalifu na kutoipuuza mistari ambayo haikutakiwa kuwepo. Aliishi mpaka 1993 akiwa na miaka 104, kwangu huyu mama anastahili kujulikana na kila mwanafunzi.

---

Mdau ameuliza: "kwahiyo joho si ndo magma? maana volkano inatoka huko"

Swali zuri sana, na jibu unalo tayari mkononi. Mawimbi S yanapita kwenye joho au hayapiti? Yanapita, mpaka chini kabisa kwenye mpaka wa kiini. Kwa hiyo joho ni GUMU. Ni mawe, yana joto kali, na yanajisogeza taratibu mno, sentimita chache kwa mwaka, lakini ni mawe magumu. Magma (mawe yaliyoyeyuka) inatengenezwa sehemu maalumu tu, mfano pale ambapo mawe ya joho yanapanda juu na mgandamizo unapungua, au pale ambapo bamba la bahari (bamba ni kipande kikubwa cha ganda gumu la nje la Dunia) linazama na maji yake yanashusha kiwango cha joto cha kuyeyuka. Ile picha ya kwamba tunaelea juu ya bahari ya moto itoeni kichwani.

Na aliyeuliza kwanini kiini cha ndani ni kigumu wakati kina joto kuliko cha nje, jibu ni mgandamizo. Kule chini chuma kinabanwa kiasi kwamba hata kwenye joto la nyuzi zaidi ya 5,000 za Selsiasi hakiwezi kuyeyuka.

---

Naendelea, mabamba.

Alfred Wegener mwaka 1912 alisema mabara yaliwahi kuungana yakaachana. Ushahidi wake haukuwa tu umbo la pwani za Afrika na Amerika Kusini kushabihiana, alikuwa na visukuku vya mtambaazi wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) anaitwa Mesosaurus vinavyopatikana pande zote mbili za Atlantiki, na mmea wa Glossopteris uliotapakaa kwenye mabara ambayo leo yametenganishwa na bahari. Walimkatalia, na tuwe wakweli, walikuwa na hoja, hakuweza kueleza ni nguvu gani inasukuma bara zima. Alifariki Greenland mwaka 1930 bado hajakubaliwa.

Jibu lilitoka chini ya bahari. Miaka ya 1950 Marie Tharp alikuwa anachora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina kutoka melini, akaona kwamba katikati ya safu ya milima ya chini ya bahari kuna bonde linaloifuata safu hiyo kwa urefu wake. Mwanzoni hata mwenzake wa kazi hakumwamini. Harry Hess mwaka 1962 akaandika kwamba pale kwenye bonde ndo sakafu mpya inazaliwa na kusukumwa pande mbili. Na mwaka 1963 wanasayansi wawili, Vine na Matthews, wakaeleza kitu kilichofunga mjadala kwa wengi. Sumaku ya Dunia huwa inageuka, kaskazini inakuwa kusini, mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita. Lava inapopoa inatunza mwelekeo wa sumaku wa wakati huo. Kama sakafu inazaliwa katikati na kwenda pande mbili, basi upande wa kulia na wa kushoto unatakiwa kuwa na mistari ya sumaku inayofanana, inayopishana, hii ya sasa, hii ya kinyume. Wakapima kwa meli. Mistari ipo, na kulia na kushoto inafanana.

Leo GPS zinapima moja kwa moja, mabamba yanakwenda sentimita chache kwa mwaka, Atlantiki inatanuka kama sentimita 2.5. Na kitu kingine ambacho mtahini akiuliza kinawapiga chenga wengi, sakafu ya bahari haizidi sana miaka milioni 200 wakati mabara yana mawe ya miaka bilioni 4, kwanini? Kwa sababu sakafu ya bahari inazama na kurudi kwenye joho, mawe ya mabara ni mepesi yanabaki juu.

---

Mdau: "hiyo bilioni 4 ndo nataka kujua, si wanatumia kaboni 14?"

Hapana mkuu, kaboni 14 nusu yake inaisha kwa miaka 5,730, baada ya kama miaka 50,000 inakuwa imebaki kidogo mno kupimika. Hiyo ni ya mifupa na mkaa, haifai kabisa kwa mawe ya zamani.

Kwa mawe wanatumia urani. Urani 238 inaoza taratibu kuwa madini ya risasi, nusu yake inaisha kwa miaka bilioni 4.47. Sasa kuna fuwele ndogo inaitwa zirkoni, nyingi hazifiki hata milimita moja. Zirkoni ikiwa inajijenga inakubali urani kuingia kwenye umbo lake ila risasi inaikataa. Kwa hiyo risasi utakayoikuta humo leo karibu yote imetokana na urani iliyooza humo humo. Pima urani iliyobaki, pima risasi iliyozaliwa, una umri. Zirkoni za Jack Hills kule Australia zimefika miaka bilioni 4.4.

Dunia yenyewe lakini imejiyeyusha na kujigeuza mno, mawe yake ya kwanza hayapo. Clair Patterson akaenda kwenye vimondo, ambavyo vilitengenezwa wakati mmoja na sayari, na mwaka 1956 akatoa namba ya miaka bilioni 4.55. Kilichomtesa miaka mingi ni kwamba vipimo vyake vilikuwa vinachafuliwa na risasi iliyokuwa kila mahali hewani, ikabidi ajenge maabara safi kupita kiasi. Nyingi ya hiyo risasi ilikuwa inatoka kwenye petroli, na baadaye akawa mstari wa mbele kupigania itolewe. Mtu alitafuta umri wa Dunia akaishia kuokoa afya za watu.

---

Mwezi naupitia haraka. Ule kuonekana nusu, robo, mzima SIO kivuli cha Dunia, ni upande uliomulikwa na Jua tunaouona kwa pembe tofauti. Kivuli cha Dunia kinaufikia wakati wa kupatwa tu, na haupatwi kila mwezi kwa sababu njia yake imeinama kama nyuzi 5. Umbali wake? Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo kule, unapiga leza inarudi baada ya kama sekunde 2.56, zidisha kwa kasi ya nuru kilomita 300,000 kwa sekunde, gawanya kwa mbili, jaribu uone. Na kwa njia hiyo hiyo tunajua unaondoka kama sentimita 3.8 kila mwaka.

Nyota nazo. Nyosha mkono, weka dole gumba mbele, funga jicho moja kisha lingine, dole linaruka. Badala ya macho mawili tumia Dunia mwezi Januari na Julai, nyota ya karibu itaruka kidogo mbele ya zile za mbali. Inaitwa paralaksi. Ni mruko mdogo mno, Friedrich Bessel ndo wa kwanza kuupima kwa uhakika, mwaka 1838, kwenye nyota 61 Cygni, na pembe aliyoipata haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya digrii. Ikatoka nyota iko kama miaka 10 ya nuru (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru inasafiri kwa mwaka), vipimo vya leo vinasema kama 11.4. Baadaye satelaiti ya Gaia, iliyorushwa 2013 na kuzimwa 2025, ilipima hivyo hivyo nyota zaidi ya bilioni moja.

Na zimetengenezwa na nini? Nuru ya nyota ukiipitisha kwenye prizimu unaona mistari myeusi, kila elementi na mistari yake. Heliamu iligunduliwa kwenye Jua mwaka 1868 kabla haijapatikana Duniani 1895. Cecilia Payne mwaka 1925 akaonyesha nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa kabisa, mkubwa mmoja wa fani akamshawishi aandike kwamba matokeo hayo pengine si ya kweli, na miaka minne baadaye mkubwa yule yule akafikia jibu lile lile.

---

Wengi mmeomba swali la kujipima, haya hapa. P inakwenda kilomita 6 kwa sekunde, S kilomita 3.5. Kituo A kimepata S ikiwa imechelewa sekunde 25 nyuma ya P. Kwa kila kilomita moja P inatumia 1/6 ya sekunde, S inatumia 1/3.5, tofauti ni kama 0.119. Gawanya 25 kwa 0.119, unapata kilomita 210. Lakini hujui ni upande gani, unajua tu ni duara la kilomita 210 kuzunguka kituo A. Kituo B kimepata sekunde 40, kituo C sekunde 15. A na B wako umbali wa kilomita 400, C mpangeni mnavyotaka ila maduara yote matatu yakutane kwenye nukta moja. Chukueni bikari, mtumie sentimita 1 kwa kilomita 50, mchore, halafu mpige picha mweke hapa tuone kitovu cha tetemeko kimeangukia wapi.